Sura ya Tisa: Maua Yaliyogeukia Mlango

Deeq alirudi Kakuma siku ya arobaini na tatu baada ya maziko ya baba. Najua kwa sababu nilikuwa nikihesabu. Siku za baba nilizikabidhi kwa Mungu. Nilizohesabu ni siku za Deeq kutokuja.

Alifika saa nne asubuhi, amevaa shati jeupe nililomchagulia mwenyewe kwenye maduka ya Wasomali. Alisimama nje ya ua wetu na boksi mkononi, akabisha kwa sauti ya mgeni. Mimi nilikuwa chini ya paa la mabati, mahali baba alipokuwa akipaka vigae vyake, nasaga unga wa rangi kwenye jiwe. Sikuinua kichwa.

"Hodi."

Aliyemjibu ni shangazi yangu Ugbad, dada yake baba, ambaye sisi humwita eedo.

"Hodi inabishwa na mtu asiyeujua mlango," alisema. "Wewe umekula humu miaka mitatu ukijifunza brashi. Umesahau njia ya kuingilia?"

"Sijasahau, eedo."

"Basi hata ya kutokea unaikumbuka."

Deeq aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka. Alikuja taratibu mpaka kwenye kivuli changu, akachuchumaa upande wa pili wa jiwe la kusagia. Nilisikia harufu ya mafuta ya lori na ya karafuu, harufu yake ileile. Mkono wangu uliendelea kusaga. Moyo, ambao sikuuomba maoni, ulianza kwenda mbio.

"Faiso," alisema. "Mungu amrehemu mzee."

"Amina."

"Nilisikia nikiwa Lodwar."

"Lodwar si mbali. Watu huenda na kurudi siku hiyohiyo."

Alifungua boksi, akatoa kigae kimoja, akakiweka mbele yangu. Nililitambua ua kabla sijaitambua rangi. Lilikuwa waridi la jangwani, lile linaloota kwenye mawe ng'ambo ya mto Tarach, na mkono uliolichora kwa mara ya kwanza ni wa baba yangu. Lakini buluu yake ilikuwa chafu kama maji ya kusuuzia sufuria.

"Rangi imekataa," Deeq alisema. "Kopo la mzee limeisha. Nimechanganya mwenyewe mara nne, na kila nikichoma inatoka hivi."

"Ulichanganya na nini?"

"Kama alivyokuwa akichanganya yeye."

"Uliwahi kumwona akichanganya?"

Alikigeuza kigae kifudifudi. Hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa mimi. Baba alikuwa mtu wa kutoa kila kitu alichonacho, lakini buluu alimfundisha binti yake peke yake, na aliifundisha kwa kuninong'oneza, kana kwamba tanuri lingesikia.

"Nusu ya ukuta wa msikiti iko tayari," Deeq alisema. "Nusu ya kulia. Ya kushoto haijaanza, na Ijumaa ijayo adeer anafungua msikiti. Nisaidie, Faiso. Najua sistahili."

Adeer ni baba mdogo wake, Haji Warfa, mwenye malori. Lazima nimweleze huyu, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika.

Mwaka jana, Deeq alipotaka kunioa, Haji Warfa alikuja Kakuma kutuona. Aliketi kwenye mkeka wetu, akatazama vigae vilivyopangwa kukauka, akasema mbele ya baba yangu, kwa upole kabisa, kama anayeeleza hali ya hewa: "Sisi ni watu wa ngamia na magari. Nyinyi ni watu wa udongo. Kazi yenu ni nzuri, lakini binti wa watu wa udongo hawezi kuingia nyumbani kwetu." Baba hakusema neno. Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono yake, ingawa ilikuwa safi. Deeq alikuwa pale. Naye hakusema neno.

Baadaye baba aliugua. Siku moja Deeq alikuja kuazima karatasi za michoro ya baba, akisema atazirudisha baada ya wiki mbili. Baba, aliyekuwa hawezi tena kuketi, alisema mpe. Nikampa. Deeq akapanda lori la adeer wake akaenda Lodwar, na ndani ya wiki hizo mbili baba akafa.

Sasa alikuwa amechuchumaa mbele yangu, akinitazama kwa macho yale yaliyowahi kunifanya nisahau chungu jikoni.

"Nitakuja," nilimwambia.

Alishtuka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi.

"Kweli?"

"Kesho. Na eedo atanisindikiza."

Alipoondoka, eedo alinifuata ndani nilipokuwa nafunga makopo ya rangi kwenye shuka.

"Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kumaliza kazi ya baba."

"Usinidanganye, mimi nimekulea. Huo si uso wa mtu anayekwenda kazini. Ni uso wa mtu anayenoa kisu."

"Sina kisu, eedo."

"Hilo ndilo linaloniogopesha."

Hakukosea. Nilikuwa sijui nitafanya nini, lakini nilijua nitafanya kitu. Nilitaka siku moja tu, mbele za watu, Deeq na adeer wake wasimame mahali baba yangu alipokuwa amekaa siku ile, wakiwa na mikono safi na wasijue pa kuiweka.

*

Msikiti ulikuwa mdogo na mzuri, umepakwa chokaa, nyuma ya yadi ya malori ya Haji Warfa mjini Lodwar. Deeq alituingiza kwa mlango wa pembeni siku ya Jumamosi adhuhuri, mafundi wakiwa wamekwenda kuswali msikiti wa mjini. Mbele, katikati ya ukuta, ilikuwepo mihrabu, kile kidaka anaposimama imamu. Kushoto kwake palikuwa na saruji tupu. Kulia palikuwa na maua ya baba yangu.

Nilisimama. Sikuwa nimeyaona makubwa hivyo kamwe. Shina liliinuka kutoka sakafuni, likajipinda, likazaa majani marefu yaliyochongoka, likajipinda tena na kuzaa ua. Baba alijifunza kazi hii Hamar, ndiyo Mogadishu, kwa fundi mzee aliyechora maua ya nchi za mbali: ua kama kikombe, na ua lenye ncha kama lililokatwa kwa mkasi. "Chenye roho hatuchori," alikuwa akisema, "na mimea inatosha, mtu hataimaliza." Lakini alipofika Kakuma alikataa kuchora maua ambayo macho yake hayajayaona. Alizunguka kwenye mawe na kando ya mto mkavu, akarudi na waridi la jangwani na jani la ewoi, mgunga wa huku, lililo dogo kama ukucha wa mtoto. Akayafundisha kupanda ukutani kama yale ya Hamar. Wenyeji waliokuja kutazama walikuwa wakicheka kwa kuutambua mti wao.

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema jina la baba, Bare. Ndipo nikaona.

Maua yalikuwa yameinamia upande usio wake.

Kwa baba hii ilikuwa sheria: ua likiinama, liinamie mihrabu. Maua ya kulia yainame kuelekea kushoto, ya kushoto yainame kuelekea kulia, yote yakutane pale mtu anapomwelekea Mola wake. Haya ya Deeq yalikuwa kulia, na yalikuwa yameinama kulia zaidi. Kila ua lilikuwa limeipa mihrabu kisogo na kuutazama mlango wa pembeni, kama watu wanaosubiri swala iishe watoke.

Nilielewa mara moja kosa lilipotokea. Sisi hatuchori moja kwa moja kwenye kigae. Mchoro huwa kwenye karatasi, na mistari yake hutobolewa kwa sindano. Karatasi huwekwa juu ya kigae, ikapigwa kwa kifuko cha unga wa mkaa, na unga hupita kwenye matundu ukaacha alama za kufuatwa kwa brashi. Karatasi ni moja kwa nusu zote mbili. Ukiigeuza, maua yanageuka. Mafundi wote huanza ukuta upande wa kulia, kwa hiyo uso wa karatasi ni wa kulia na mgongo ni wa kushoto. Lakini baba alikuwa wa mkono wa kushoto. Alianza kila kitu kushoto: kuta, sahani, hata kusuka mkeka. Uso wa karatasi zake ulikuwa wa kushoto. Deeq alikaa naye miaka mitatu akipaka rangi na hakuwahi kumwona akianza ukuta mzima, kwa kuwa kambini hatukuwa na kuta za kuanza.

Neno moja lingetosha. Vigae vilikuwa vimebandikwa siku chache tu. Vingeweza kung'olewa vingine vifanywe.

"Unaonaje?" Deeq aliuliza. Alikuwa amesimama karibu yangu, karibu kuliko inavyofaa, na sauti yake ilikuwa na woga wa mwanafunzi. "Nimemkosea mzee?"

Nilimtazama. Kope zake zilikuwa na vumbi la saruji. Nusura niseme. Namshukuru au namlaumu Mungu, sijui, kwa kuwa macho yangu yalishuka chini, kwenye kigae cha mwisho kabisa pembeni mwa ukuta. Palikuwa na maandishi mazuri ndani ya kikonyo cha jani. *Kazi ya Deeq.*

Kazi ya Deeq.

"Ni nzuri," nilisema.

"Nzuri tu?"

"Nikimaliza upande wangu ndipo utaona uzuri wake."

Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la zamani, na liliniuma kama kidonda kilichogongwa mlangoni. Eedo, aliyekuwa amesimama kando yetu, alinitazama usoni kwa muda mrefu kisha akatazama pembeni.

*

Haji Warfa alimtuma Deeq Nadapal siku ya pili yake, mpakani, ambako lori lao moja lilikuwa limekwama. Alipokuja kuniaga alinikabidhi zile karatasi, zikiwa zimekunjwa ndani ya kanga ya mama yake.

"Nitarudi Alhamisi. Lokaale atabandika, yeye ndiye fundi wa saruji. Unahitaji nikueleze chochote?"

"Nieleze nini, Deeq? Karatasi za baba yangu?"

Alikuna shingo. "Nilikuwa nataka tu kusema kitu."

"Sema."

"Nikirudi. Kina nafasi yake."

"Nenda basi. Lori haliwezi kusubiri maneno yako. Sisi tumezoea kusubiri."

Siku zile nne nilifanya kazi kama sijawahi. Eedo alisaga mkaa, mimi nikachapa, nikapaka, nikachochea tanuri alilojenga Deeq uani kwa kuni za mathenge, mti wa miiba wa huku. Niliweka karatasi jinsi baba alivyoniwekea mkono wangu juu yake nikiwa na miaka kumi: uso juu, upande wa kushoto. Sikuharibu hata jani moja, na mtu asije akasema niliharibu. Nilifanya nusu ya kushoto kama inavyopaswa kufanywa, na maua yangu yote yaliinamia mihrabu kwa adabu. Nilijua kwamba yakibandikwa, nusu moja itainama mbele ya kibla na nusu ya pili itaonekana kama inakimbia. Hata asiyejua lolote angeona. Mtu angetazama ukuta, asome jina, acheke.

Buluu ilitoka tanurini siku ya Jumatano. Ilikuwa buluu ya baba, ile ya mbingu ya saa moja asubuhi kabla ya vumbi. Niliishika ikiwa bado ya moto, ikaniunguza, sikuiachia.

Lokaale alikuwa Mturkana mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na saruji.

"Ejok, dada," alinisalimu Jumatano hiyo, akavitazama vigae kwa muda. "Hii maua yako inaangalia huku. Ile ya Deeq inaangalia kule. Ni sawa?"

"Fuata namba nilizoandika nyuma."

"Namba nafuata. Nauliza maua." Alikwangua kidevu kwa mwiko. "Kwetu ukienda kusalimia mzee, hauingii na mgongo."

"Hata kwetu."

"Na ile ya Deeq imeingia na mgongo."

"Hiyo muulize Deeq."

Lokaale alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka aliponitazama. "Sawa," alisema. "Mimi ni saruji tu. Maneno ya watu siweki hapo."

Alhamisi adhuhuri alibandika cha mwisho, akafunika ukuta wote kwa pazia kubwa la kijani la kufunguliwa kesho yake. Nilikaa peke yangu kwenye ngazi ya nyuma. Nilikuwa nimedhani nitajisikia nimeshiba.

*

Deeq alifika alasiri, na vumbi la Nadapal mpaka masikioni. Hakutaka hata maji. Aliniita tuingie tukauone ukuta, eedo akaketi mlangoni na tasbihi yake kama askari. Deeq alishika pembe ya pazia, akaniangalia, akalivuta kama mtu anayefunua uso wa bibi harusi.

Alitazama kushoto. Akatazama kulia. Akarudi kushoto. Niliona furaha ikimtoka usoni polepole, kama maji yanavyozama kwenye mchanga.

"Umesahau kugeuza karatasi," alisema.

"Sikusahau."

"Faiso, yote yanaangalia upande mmoja."

"Yangu yanaangalia mihrabu. Yako yanaangalia mlango."

Nilimweleza kwa maneno machache: mkono wa kushoto wa baba, uso wa karatasi, ukuta unavyoanzwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi. Dakika niliyoingia."

"Nikakuuliza kama nimemkosea mzee."

"Uliniuliza."

"Ukasema nzuri."

"Nikasema nzuri."

Aliketi sakafuni. Aliegemea nguzo, akaweka mikono juu ya magoti. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe kwa nini hukusema siku adeer wako alipomtukana baba yangu kwenye mkeka wake?" Sikupandisha sauti. Tulikuwa msikitini, na hasira yangu ilikuwa imeshapita umri wa kelele. "Kwa nini hukuja kumzika? Wanaume kumi na mmoja walitia konzi zao za udongo kwenye kaburi la baba. Wengine ni majirani wasiojua hata jina lake lote. Wewe aliyekufundisha brashi hukutia hata konzi moja. Uliogopa udongo, Deeq? Uliogopa watakuita mmoja wetu?"

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa." Alionyesha ukuta kwa kidole. "Adeer aliniambia kitu. Aliniambia nikiweza kumwonyesha kwamba kazi hii ni ya kuheshimika, kwamba inaweza kupamba nyumba ya Mungu mbele ya wafanyabiashara wote wa Lodwar, yeye mwenyewe atakwenda Kakuma kukuposa. Aliniambia nisimwambie mtu mpaka ukuta uishe. Niliposikia mzee amefariki nilitaka kuja. Akasema ukiondoka sasa, tumeachana na habari hiyo. Nikabaki. Kila kigae hapo nilikipaka nikikufikiria wewe."

Sitadanganya. Yale maneno yaliingia. Mwanamke aliyelala miezi akiota kusikia kitu hawezi kukisikia akabaki jiwe. Nilishika ukuta kwa mkono mmoja. Nilimwona na kope zake za vumbi, na nikamtaka kama nilivyomtaka siku ya kwanza alipomwaga kopo la rangi miguuni kwangu.

Kisha nikatazama tena kile kigae cha chini.

"Na jina?" nilimuuliza. "Adeer angeiona kazi ya nani ndipo aniheshimu?"

Alifuata macho yangu. Alilisoma jina lake.

"Angesema binti wa udongo ameokoka," nilisema, "kwa kuwa ameolewa na fundi mkubwa Deeq, aliyebuni maua haya. Baba yangu angekuwa amekufa mara mbili, na mara ya pili mimi ningepaka hina nikacheza."

"Sikuwaza hivyo."

"Najua hukuwaza."

"Kesho asubuhi watu watajaa hapa, Faiso. Nifanye nini?"

"Fanya unachojua. Nyamaza."

Nilitoka. Eedo aliinuka akanifuata, na tulipofika uani alinishika kiwiko.

"Umepata ulichokuja kuchukua?" aliuliza.

"Kesho."

"Mbona unalia basi?"

"Ni moshi wa tanuri."

Tanuri lilikuwa limezimwa tangu Jumatano. Eedo alilitazama, akanipa ncha ya shungi lake nijifute.

*

Ijumaa, baada ya swala, Haji Warfa alisimama mbele amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe. Wanawake tulikuwa upande wetu, karibu na mlango wa pembeni, na nilikuwa naona kila kitu. Alitoa hotuba fupi kuhusu kijana wake, mtoto wa marehemu ndugu yake, aliyepamba nyumba hii kwa mkono wake. Kisha akavuta pazia.

Kwanza walisema mashallah, na walisema kwa moyo, kwa sababu buluu ile haimwachi mtu. Halafu sauti zikapungua. Mzee mmoja wa mbele aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Haji, mbona maua ya huku yanaingia na ya kule yanatoka?"

Mtu akaguna. Mwingine akaficha kicheko kwenye kikohozi. Haji Warfa aligeuka, akatazama ukuta kwa mara ya kwanza kama anavyoutazama mtu aliyeulipia, na shingo yake ikabadilika rangi.

"Ni yule msichana," alisema, bila kushusha sauti. "Nusu ya kushoto tulimpa binti wa Bare, wa Kakuma. Nilimwambia Deeq hawa watu hawana—"

"Adeer."

Deeq alikuwa amesimama katikati ya safu. Alinitazama. Ilikuwa rahisi kwake. Kila mtu pale angeliamini neno moja lake dhidi yangu, na mimi nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka mwisho.

"Kushoto ndiyo sahihi," Deeq alisema. "Iliyokosewa ni ya kulia, na ya kulia ni yangu. Maua si yangu. Ni ya Mwalimu Bare, Mungu amrehemu. Nilichukua karatasi zake akiwa kitandani, nikaandika jina langu kwenye kigae, na hata kuziweka sawasawa sikujua."

Alipita mbele za watu, akaenda kwa Lokaale aliyekuwa mlangoni na vifaa vyake, akarudi na nyundo. Alipiga kile kigae cha jina mara moja. Kilipasuka vipande vitatu. Akapiga kilichofuata.

Sijui niseme nini kuhusu nilichohisi. Nilikuwa nimekuja kutwaa kisasi changu kwa mikono yangu, na Deeq alikuwa amekichukua kutoka mikononi mwangu akajipiga nacho mwenyewe, mbele ya mji mzima. Nilimkasirikia kwa hilo pia.

Haji Warfa alinijia alasiri, baada ya watu kuondoka. Alisimama mbali kidogo na tanuri. Deeq alikuwa nyuma yake, mikono imejaa mikwaruzo ya vigae.

"Binti," Haji alisema. "Ukuta hauwezi kukaa hivi. Utaifanya na ya kulia?"

"Nitaifanya. Kigae cha chini kitaandikwa jina la baba yangu."

"Na liandikwe."

"Na udongo umeniishia. Nahitaji mtu wa kunikanyagia mwingine, kwa miguu, siku saba, mpaka uwe laini kama unga wa chapati." Nilimwonyesha kwa kidole. "Namtaka huyu. Hapa hapa uani, mchana, lango likiwa wazi."

Haji Warfa alitazama lango. Barabarani madereva wake walikuwa wameketi wakinywa chai, na boda boda zilikuwa zikipita.

"Mtoto wa ndugu yangu hakanyagi udongo."

"Basi maua yaendelee kutazama mlango."

"Deeq, twende," Haji alisema, akaanza kuondoka.

Deeq hakumfuata. Aliinama akavua viatu, akavipanga ukutani, akakunja suruali mpaka chini ya magoti. Miguu yake ilikuwa myeupe kifundoni, miguu ya mtu wa viatu. Madereva waliacha kunywa chai. Mmoja aliita kwa Kisomali, akiuliza kama kijana wa Haji ameposwa na wafinyanzi, na wenzake wakacheka.

"Wacha wacheke," Deeq alisema, uso umemwiva. "Faiso, baada ya hizo siku saba utanisamehe?"

"Sijui."

"Kuna tumaini?"

"Tia maji kwanza. Usiruke, baba hakupenda mtu anayeruka. Anza na kisigino, usukume mbele."

Alianza. Aliteleza, akashika ukuta, akaanza tena. Nilivuta kigoda nikaketi kivulini, mahali ambapo angeniona kila akiinua macho, na sikutazama pembeni hata mara moja.

Eedo alikuja na glasi mbili za chai, akanipa moja, akamtazama Deeq kwa muda.

"Tunarudi Kakuma lini?" aliuliza.

"Udongo unakanyagwa siku saba, eedo," nilimwambia. "Na leo ndiyo kwanza imegonga saa kumi ya siku ya kwanza."